Shikamoo iliyomweka hai mke wangu Somoe kule Chilangala

Wakuu, heshima kwenu, wakubwa kwa wadogo.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Masasi upande wa Lisekese. Humu huwa nasoma tu, siandiki. Lakini juzi kijana mmoja aliuliza kama mtu anaweza kuzaliwa na moyo wenye kasoro akafika utu uzima bila kujua. Wengi mkamjibu kwamba haiwezekani, angekufa mtoto.

Inawezekana. Nilimuoa.

Sitatia chumvi, maana stori yenyewe imekolea. Nitakwenda polepole kama nilivyozoea darasani, ili na wale wa dawati la nyuma wasikie.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilipangiwa kufundisha Chilangala, wilaya ya Newala. Mimi ni mtu wa Singida. Nilikuwa sijawahi kuona mikorosho mingi kiasi kile, wala mchanga unaomeza viatu namna ile. Ng'ambo ya Ruvuma vita vya Msumbiji vilikuwa vinaendelea. Siku nyingine tulisikia mlio wa mbali mchana kweupe, watoto wakageukia madirisha, halafu tukaendelea na hesabu.

Kwa msiokujua kule: watu wanaishi juu uwandani, maji yako chini bondeni. Bomba lilikuwepo, lakini likikatika akina mama wanashuka na ndoo tupu, wanapandisha nazo zimejaa kichwani. Ule mlima si wa mchezo.

Siku moja nilisimama pale juu, mlima unapoishia, nikipunga upepo. Kundi la akina mama likapanda. Nyuma kabisa, pamoja na bibi wawili wazee, alikuwa binti mmoja. Alipofika kwangu akatua ndoo, akachuchumaa, akainamisha kichwa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

Akabaki amechuchumaa.

"Hujambo?"

"Sijambo."

Bado yuko chini.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

Bado. Nikauliza za shamba, za wazazi, za maji. Salamu zote nilizozijua ziliniishia, ikabidi nianze upya. Ndipo akainuka, akajitwisha ndoo, akaenda zake.

Kusini huku mwanamke au kijana kuchuchumaa akimwamkia mkubwa ni kawaida. Lakini huwa anashuka na kuinuka. Yule akishuka alikuwa anakaa.

Nikajiambia: huyu binti ama ana adabu isiyo na mfano, ama amenipenda. Nikamwomba Mungu yawe yote mawili.

Jina lake Somoe. Nilipoulizia nikakuta kijiji kizima kinamsifu. Akina mama waliwagombeza mabinti zao kwa jina lake: "Muone Somoe! Wewe unaamkia kama unafukuza kuku!" Alimchuchumalia kila mtu, hata waliomzidi miaka miwili. Vijana wenzake walimtania kwamba ameonekana akimwamkia mbuzi njiani, na mbuzi naye akaitikia: "Meee-rahaba."

Nilichekeshwa na hilo, nikaposa, tukaoana.

Nilikuwa naona mambo mengine, lakini sikuyaunganisha. Midomo yake ilikuwa myeusi yenye zambarau, kama mtu aliyetoka kula matunda. Ncha za vidole vyake zilikuwa nene, za mviringo. Alilala kwa ubavu, magoti yamegusa kidevu. Mama mkwe alisema ndivyo alivyoumbwa, na mimi nikasema aliyemuumba hakukosea.

Basi ikaja amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa. Watu waliokuwa wametawanyika kila mmoja na mikorosho yake wakasogezwa pamoja, nyumba kwa mistari. Kazi ya kwanza ikawa kufyeka shamba la kijiji, kila nyumba itoe watu.

Somoe alikuwa anaharisha tangu juzi yake. Nikamwambia abaki nyumbani. Akasema, "Waseme mke wa mwalimu mvivu? Siendi kulala mimi."

Akaenda. Jua lilikuwa kali na hakunywa maji ya kutosha. Katikati ya mstari akaacha panga akachuchumaa. Mama mmoja akapaza sauti: "Jamani, Somoe leo anaamkia visiki!" Watu wakacheka, na yeye nadhani alitabasamu.

Halafu akaanguka.

Nilipofika midomo yake ilikuwa rangi ya wino. Anavuta hewa haraka haraka, macho yamelegea. Nimefundisha rangi kwa watoto miaka mingi, rangi ile kwa binadamu sikuwahi kuiona.

Bahati lori lililokuwa linahamisha mizigo ya watu lilikuwepo. Tukatandika godoro nyuma, tukamlaza chali, tukamnyoosha vizuri kama mtu anavyolazwa mgonjwa. Yeye anakunja magoti, sisi tunamnyoosha. "Pumzika, mama, nyoosha miguu." Anakunja tena, tunamnyoosha tena. Njia nzima mpaka Newala.

Hospitali yenyewe jina naliacha. Wakati ule ilikuwa imejaa majeruhi na wakimbizi wa kutoka ng'ambo. Wodi ya wanawake haikuwa na nafasi isipokuwa kitanda kimoja cha ukutani, pembeni ya mama mmoja wa Msumbiji, Mama Luzia, aliyeungua mguu kwa bomu. Alikuwa na maneno mengi yule mama. Mungu amlaze pema popote alipo.

Nesi mkuu, tuliyemwita Sista, akamlaza Somoe chali, akamwekea dripu. Somoe akazidi kuwa mweusi. Sista akanitazama, nikajua na yeye ameogopa.

Mara daktari akaingia. Mtu mrefu, wa bara kama mimi, koti limechafuka damu za watu wengine.

Wakuu, hapa nisomeni kwa makini.

Daktari alipokanyaga tu ndani, Somoe akajiviringisha, akateleza kutoka kitandani na dripu yake, akachuchumaa kwenye sakafu ya saruji. Kichwa chini, mikono imekumbatia magoti.

Wodi nzima ikaguna. Mgonjwa mmoja akasema, "Adabu gani hii? Mtu anakufa anaamkia!"

Sista akamshika bega: "Marahaba, mama, marahaba. Salamu imefika. Rudi ulale."

Na mimi, mumewe, moyoni nikasema: ndiye huyo Somoe wangu, hata mauti hayamtoi adabu.

Daktari hakuitikia marahaba. Alinyoosha mkono mmoja kama anayezuia gari.

"Mwacheni. Tazameni midomo."

Tukatazama. Wino ulikuwa unafifia. Polepole, kama ubao unapofutwa na kitambaa kikavu, rangi yake ikaanza kurudi. Pumzi zikapungua kasi.

Sista akasema kwa sauti ndogo, "Yesu wangu."

Yule daktari, mkubwa wa watu wote pale, akachuchumaa mbele yake kwenye saruji ileile. Akaweka chombo chake kifuani mwa Somoe akasikiliza. Akasogeza, akasikiliza. Kisha akashika vidole vya Somoe, akavigeuza, akavitazama ncha zake kama mtu anayesoma.

Akaniuliza, "Amekuwa akichuchumaa hivi tangu lini?"

"Tangu nimjue, daktari. Ana heshima sana."

Akanitazama. Hakucheka, ingawa alikuwa na haki.

"Mwalimu, hii si heshima. Anatafuta pumzi."

Lakini hatari haikuwa imeisha. Miguu ya Somoe haikuwa na nguvu ya kuendelea kumshikilia. Akiachia tu, anaanguka, na wino unarudi. Daktari akaagiza mtungi wa oksijeni. Akaagiza morfini, dawa ileile waliyowapa waliokatwa miguu vitani. Dripu iendelee. Na magoti yabaki yamebanwa kifuani, mtu amshike, asimwachie.

Sista akasema manesi hawatoshi.

Ndipo Mama Luzia akafungua kinywa, Kiswahili chake cha ng'ambo ya mto: "Huyo mwanamume kazi yake nini? Mwalimu, panda kitandani. Mke wako mwenyewe, unamwogopa nani?"

Sista akaruka: "Mwanamume! Kitandani! Kwenye wodi ya wanawake!"

"Wafumbe macho," Mama Luzia akasema. "Mimi sifumbi."

Daktari akasema, "Panda."

Nikavua viatu, nikapanda. Nikaegemea ukuta, Somoe nikampakata mbele yangu, nikamkunja, mikono yangu imezunguka magoti yake. Nilikuwa nausikia moyo wake mgongoni, unapiga kama mtu anayegonga mlango usiofunguliwa. Nikifa ganzi mkono mmoja nabana kwa mwingine. Mama Luzia kazi yake ikawa kutazama midomo. "Nyekundu kidogo. Mwalimu usilegee! Sasa nzuri. Ee, nzuri."

Jua likahama kutoka dirisha moja mpaka la pili. Adhana ya alasiri ikaita. Ule moyo ukapunguza kugonga, na Somoe akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba, unanibana."

Mama Luzia akacheka mpaka akalia kwa maumivu ya mguu.

Naona kuna mdau ameshauliza kabla sijamaliza: ugonjwa gani huo, na kuchuchumaa kunasaidia vipi? Swali zuri. Nitaeleza alivyotueleza daktari, kwa mfano wa maji, maana uwanda ule kila mtu anaelewa maji.

Moyo ni pampu mbili zilizopakana ukuta. Ya kulia inapeleka damu iliyochoka kwenye mapafu ikapate hewa. Ya kushoto inapeleka damu yenye hewa mwilini. Somoe alizaliwa na tundu kwenye ule ukuta, na bomba la kwenda mapafuni likiwa jembamba. Sasa damu iliyochoka ikikuta njia ya mapafu imebana, inapenya tunduni na kwenda mwilini bila hewa. Ndiyo ile rangi ya wino. Mwili ukiishiwa maji, kukiwa na joto na kazi nzito, mambo yanazidi.

Chukua mpira wa maji wenye matawi mawili. Kanyaga tawi moja. Maji yatakwenda wapi? Yatakwenda kwa nguvu kwenye tawi jingine, hata kama ni jembamba.

Ukichuchumaa unakunja mishipa ya miguu. Ndiyo umekanyaga tawi la mwili. Damu inalazimika kupita mapafuni. Basi. Mungu fundi.

Daktari alisema wengi wenye moyo wa namna ile hawafiki ukubwani. Akamuuliza Somoe nani alimfundisha. Somoe akasema hakuna. Alipokuwa mdogo, wenzake wakikimbia, yeye aligundua akichuchumaa kifua kinafunguka. Lakini mtoto akichuchumaa ovyo njiani anachekwa, anaitwa mgonjwa, na binti mgonjwa nani atamuoa? Akagundua jambo la pili: mtu anayechuchumaa mbele ya mzee haulizwi kitu. Anasifiwa.

"Wengine wakichoka njiani wanatafuta kivuli," akasema. "Mimi nilikuwa natafuta mzee."

"Na asipopatikana mzee?" daktari akauliza.

"Basi hata mbuzi."

Nikakumbuka siku ile mlimani. Nikamuuliza, "Na mimi je? Siku ya kwanza?"

Akajificha uso kwa khanga. "Ulikuwa umesimama palepale pumzi inaponiishia. Wala sura yako sikuiona."

Wakuu, Mama Luzia hakuacha kunitania kwa neno hilo mpaka tunatoka.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alikuja kitandani. Akatusomesha masharti: asibebe maji, asifunge, asikae juani bila kunywa maji, akizidiwa asilazwe chali. Mimba, alisema wazi, ingemuua. Upasuaji wa kuziba lile tundu haukuwepo nchini. Halafu akachuchumaa, yule mtu mrefu, mbele ya mke wangu ambaye angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho.

"Shikamoo, mama."

Somoe alishtuka, akageuka kwangu kuomba ruhusa. Nikamwambia itika.

"Marahaba," akasema, na machozi yakamtoka.



Turudi kijijini. Nilimweleza balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Hamisi, kila kitu, pamoja na mfano wa mpira wa maji. Akasikiliza, akaniuliza swali moja tu: "Anapochuchumaa, inachukua muda gani pumzi kurudi?"

Nikamwambia inategemea, ila marahaba moja haitoshi.

Kwenye mkutano wa kijiji, baada ya habari za mbegu na choo cha shule, Mzee Hamisi akasimama. "Jambo la mwisho. Kuanzia leo, anayeamkiwa na Somoe asiwe na haraka. Mwalimu akiwa shuleni, ulizia habari zake. Kuku wakiwa watano, waulize wote watano. Hakuna kuondoka mpaka yeye ainuke."

Halafu akamgeukia bibi mmoja maarufu kwa maneno, Bi Zaituni. "Na wewe, soga lako leo limepata kazi ya serikali."

Kijiji kikaangua kicheko. Lakini kesho yake ilikuwa sheria.

Ningependa mngeona. Somoe anapita njiani, anaishiwa pumzi, anachuchumaa. Mzee aliyekuwa anakimbilia mnadani anasimama, anaweka fimbo chini. "Marahaba mwanangu. Hujambo? Mwalimu hajambo? Mama mkwe wa Singida kapona jino? Na yule mbwa wenu? Na korosho za mwaka huu?" Sauti ya taratibu, macho yanatazama midomo yake kwa wizi. Rangi ikirudi, ndipo anasema, "Haya, mwanangu, inuka salama."

Maji waligawana akina mama kutuletea kwa zamu. Siku moja alizidiwa vibaya njia ya kwenda Makote, mbali na nyumba. Bi Zaituni akachuchumaa naye, akamkumbatia magoti kama mimi nilivyofanya hospitali, akamsalimia. Akamuuliza habari za kila mtu wa kijiji, nyumba kwa nyumba, walio hai wakaisha akaanza na marehemu. Walipofika nyumbani jua limepinda, Bi Zaituni sauti imekauka kabisa. Somoe anatembea mwenyewe.

Siku hizi mnasema ICU. Nimeiona, mashine zinalia pande zote, wahudumu hawatoki macho kwa mgonjwa. Ni jambo kubwa, namshukuru Mungu. Lakini nilipoiona sikushangaa. Mimi nilishaishi ndani yake, haina paa, mikorosho pande zote, na kila aliyepita njia alikuwa zamu.

Somoe aliishi miaka mingi kuliko daktari alivyothubutu kutuahidi. Tulilea binti wa dada yake, ndiye aliyenifungulia akaunti hii. Moyo ulimchoka nikiwa nimeshaota mvi. Alikwenda mchana, kwa utulivu, amejikunja ubavuni kama alivyopenda.

Sasa nilichojifunza, na ninawaomba mkichukue.

Mkiona mtoto anacheza kisha anachuchumaa, midomo na kucha vina rangi ya zambarau, msimsifu wala msimcheke. Mpelekeni hospitali. Siku hizi upasuaji wa moyo unafanyika hapahapa nchini.

Na ninyi mliofanyiwa upasuaji utotoni mkapona, msiache kliniki kwa sababu mmekua. Moyo ulioshonwa unahitaji kutazamwa hata ukiwa na ndevu. Ukilazwa kwa lolote, hata malaria, waambie mapema ulizaliwa na moyo wa namna gani, ili wasikutibu kama mtu mwingine yeyote. Na wewe unayeogopa kwamba umechelewa, hujachelewa. Nenda.

Mwezi uliopita nilikwenda Chilangala kuzuru kaburi. Nikataka kutazama ule mlima wa maji, nikashuka kidogo. Kupanda nusura kunishinde, nimezeeka. Nilipofika juu nikasimama palepale nilipokutana naye, kifua kimebana.

Akaja kijana na pikipiki, simjui. Akazima injini. "Shikamoo babu."

"Marahaba."

Hakuondoka. "Hujambo babu? Umetoka wapi? Masasi hawajambo? Mvua huko? Wajukuu? Kuku unafuga?"

Nikamjibu moja moja, mpaka pumzi ikarudi. Nikamuuliza, "Mjukuu wangu, mbona huna haraka?"

Akasema, "Huku kwetu ndivyo tunavyosalimiana, babu. Sijui kwa nini."

Mimi najua kwa nini, wakuu.

Aliye na mgonjwa wa namna hii, au aliyeona la kufanana na hili, aandike hapa chini, nitasoma kila mmoja na kumjibu. Ila msipite na neno moja mkakimbia. Salamu fupi haimtoshi mwenye pumzi fupi.